Cléanthe: aliteka maji usiku, akasoma muchana

Zaidi ya miaka 2.200 iliyopita, mutu mumoja masikini alifika ku Athene, mu Ugiriki, na makuta ya kula siku chache tu mu mufuko. Alikufa akiwa mukubwa wa moja ya masomo yenye sifa kupita zote za dunia ya zamani. Katikati ya mambo hayo mawili kuna kitu kimoja: kazi. Kazi ya mikono, kazi ya usiku, kazi ya kuchimba udongo.

Watu mingi wakisikia neno « filozofu », wanaona mu mawazo muzee mwenye ndevu, mutoto wa jamaa ya makuta, anayekaa ku kivuli na kusema maneno magumu wakati watumwa wanamumwangia divai. Na kweli, walikuwako wa namna hiyo. Platon alitoka mu jamaa kubwa ya Athene. Baba ya Aristote alikuwa munganga wa mufalme wa Makedonia. Hao hawakuhitaji kuuza nguvu ya mikono yao juu ya kupata chakula.

Cléanthe alikuwa mutu wa namna ingine. Alibeba maji, alichimba shamba, alifanya kazi ya unga. Halafu, na ile mikono yake ngumu, aliandika vitabu ambavyo majina yao yanafika karibu 50. Watu wa kazi ya mikono wanaambiwa mara mingi kama kuwaza si kazi yao, ni kazi ya wakubwa wa biro. Njo maana maisha ya mutu huyu yanafaa kusomwa mu jamaa zetu, na baba mwenye kutoka poste ya usiku, na mama mwenye kuhesabu mushahara ku meza, na kijana mwenye kujiuliza kama masomo iko na faida gani.

MUJI WA MAWE

Cléanthe alizaliwa karibu na mwaka 330 mbele ya Yesu Kristo, ku Assos, muji mudogo uliojengwa juu ya mulima pembeni ya bahari, mu inchi ambayo leo ni Uturuki. Assos ulijulikana juu ya mawe yake. Pline, Muroma aliyeandika kitabu kikubwa juu ya vitu vya dunia, anasema kama kule walichonga jiwe la kutengeneza masanduku ya wafu, na kama maiti iliyowekwa ndani iliisha mu siku 40, meno tu njo yalibaki. Wagiriki waliliita lile jiwe « mula-nyama ». Kwa Kigiriki ni sarkophagos, na neno sarcophage la Kifaransa lilitoka pale. Si lazima kuamini kila kitu Pline alichosikia. Lakini mutoto wa Assos alikuwa mutoto wa watu waliojua jiwe.

Kazi yake ya kwanza haikuwa vitabu. Alikuwa mupiganaji wa ngumi. Alikuwa na mwili wa nguvu, mabega makubwa, na akili ambayo, kama tutakavyoona, haikukimbia mbio. Siku moja aliacha ile kazi, akashika njia ya Athene. Diogène Laërce, mwandishi aliyekusanya maisha ya wanafalsafa karne mingi nyuma, anasema alifika na drachma 4 tu.

Drachma 4 ni nini? Wakati wa Socrate, fundi wa kujenga alipata karibu drachma 1 kwa siku. Drachma moja iligawanyika mu vipande 6 vilivyoitwa oboli. Kwa hiyo Cléanthe alikuwa na mushahara wa siku 4, mu muji mukubwa, bila jamaa, bila ndugu wa kumupokea.

MWALIMU ALIYETOKA KU KISIWA CHA SHABA

Mwalimu aliyemupata aliitwa Zénon. Huyu naye hakuwa mwenyeji wa Athene. Alitoka ku Kition, muji wa kisiwa cha Kipro. Hapa watu wa shaba wasikilize vizuri: kisiwa hicho kilitoa shaba mingi mu dunia ya zamani, mupaka Waroma waliita shaba kwa jina lake. Walisema « metali ya Kipro », cyprium, kisha cuprum. Cuprum njo iliyozaa neno cuivre la Kifaransa, na pia zile herufi Cu ambazo wakemia wanaandika. Kila mara mutu wa Katanga anaposema cuivre, anataja bila kujua kisiwa cha Zénon.

Zénon alikuwa muchuuzi. Wanasema mashua yake ilizama na muzigo wa rangi ya zambarau, mali ya bei kubwa sana. Alifika Athene mikono mitupu, akaingia mu duka la muuza vitabu, akasikia wakisoma kitabu cha Xénophon juu ya maisha ya Socrate. Akauliza watu wa namna hii wanapatikana fasi gani. Saa ile ile Cratès, mwanafalsafa masikini wa Thèbes, alikuwa anapita mu njia. Muuza vitabu akamuonyesha: mufuate yule. Zénon akamufuata.

Karibu na mwaka 300 mbele ya Yesu, Zénon alianza kufundisha yeye mwenyewe. Hakuwa na nyumba ya masomo. Alifundishia mu baraza moja pembeni ya soko kubwa la Athene, baraza yenye nguzo na picha za vita ku kuta zake. Baraza kwa Kigiriki ni stoa, na wanafunzi wake wakaitwa Wastoiko. Mutu yeyote aliweza kusimama pale na kusikiliza. Cléanthe alisimama pale, akasikiliza, akabaki miaka 19.

MUTEKA-MAJI

Namna gani mutu asiye na kitu anasoma miaka 19? Cléanthe alipata jibu: anafanya kazi usiku. Wakati muji ulilala, yeye alikuwa ku kisima, anavuta kamba, anamwanga maji mu mashamba ya mboga ya watu. Alichimba vilevile ule udongo. Tena alifanya kazi kwa mama mumoja muuza unga. Asubuhi ilipofika, alienda ku baraza kusikiliza Zénon. Watu wa Athene walipenda kuchezea majina. Jina lake wakaligeuza, badala ya Kléanthès wakamuita Phréantlès, maana yake « mwenye kuteka maji ya kisima ».

Papyrus, karatasi ya zamani iliyotoka Misri, ilikuwa bei. Yeye hakuweza kuinunua. Kwa hiyo aliokota maganda ya chaza wa bahari na mifupa ya mabega ya ngombe, ile mipana, akaandika pale juu mafundisho ya mwalimu. Nani kati yetu hajaona mutoto anayefanyia hesabu yake ku kipande cha karatoni? Cléanthe angemuelewa.

Siku moja alikuwa anaongoza vijana kwenda kutazama michezo. Upepo ukainua nguo yake ya juu, na watu wote wakaona kama hakuwa na nguo ingine ndani. Athene ulikuwa muji wenye kupenda kucheka. Lakini siku ile watu hawakumucheka, walimupigia makofi.

Kuna neno lake lingine ambalo wachimbaji watalisikia vizuri. Alisema anapenda maisha yake kuliko maisha ya watajiri, juu wakati wao wanacheza mupira, yeye anachimba udongo mugumu usiozaa. Alisema hivyo bila kulia. Alijua udongo mugumu unamufundisha nini mwenye kuuchimba.

MBELE YA WAZUZI

Mutu mwenye mwili muzuri, anayeonekana muchana kutwa ku baraza ya masomo, bila shamba na bila duka: watu wakaanza kuwaza. Anakula nini? Labda anaiba? Athene ilikuwa na baraza la zamani la wazuzi, jina lake Aréopage. Wakamuita Cléanthe aeleze namna anaishi.

Hakuleta maneno mingi. Alileta mashahidi wawili: mwenye shamba ambaye alimutekea maji, na yule mama muuza unga. Wakasema yale waliyojua: usiku wote huyu mutu iko ku kazi. Wazuzi wakafurahi sana mupaka wakakata shauri apewe mina 10, ni kusema drachma 1.000. Kwa mutu aliyefika na drachma 4, ile ilikuwa utajiri.

Zénon akamukataza kuzipokea.

Wengine wataona Zénon alikuwa mubaya. Tuwaze kidogo. Mutu aliyeitwa mbele ya wazuzi kama muhalifu, akatoka pale mwenye heshima, alitoka na kitu ambacho makuta haikumupa. Kama angechukua zile drachma 1.000, kesho yake angekuwa mutu wa wazuzi. Wanasema nyuma ya siku nyingi Antigone Gonatas, mufalme wa Makedonia, alimupa drachma 3.000, kwa hiyo hatusemi kama zawadi ni zambi. Lakini wakati ule wa kujifunza, mwalimu alitaka mwanafunzi asimame ku miguu yake mwenyewe.

Yule mufalme alikuwa anakuja kusikiliza mafundisho. Siku moja alimuuliza Cléanthe juu ya nini anateka maji. Cléanthe akamujibu na maulizo: unafikiri ninateka maji tu? Sichimbi? Simwangii shamba? Sifanyi kila kitu juu ya kupenda hekima?

OBOLI MOJA

Zénon alikuwa na desturi moja ya kushangaza: alimuomba Cléanthe amuletee oboli moja ku mushahara wake. Ili kuelewa uzito wa ile oboli, ni lazima tushuke mu shimo.

Ku kusini ya Athene kulikuwa migodi ya feza, fasi inayoitwa Laurion. Ile feza njo ilijenga nguvu ya Athene. Mu mwaka 483 mbele ya Yesu, walipata feza mingi kabisa, na Thémistocle akashauri wajenge nayo mashua za vita. Zile mashua ziliwaokoa na Waajemi ku Salamine miaka 3 nyuma. Watoto wanasoma habari ya ile vita mu kalasi. Habari ya wale waliochimba ile feza haisomwi sana. Walikuwa watumwa. Mashimo mengine yalishuka kupita metre 100. Njia za ndani zilikuwa fupi, mutu alipita akiinama ao akitambaa, na nyundo ya chuma, na taa ndogo ya udongo yenye mafuta.

Xénophon, yule aliyeandika juu ya Socrate, anaeleza kama tajiri mumoja wa Athene, Nicias, alikuwa na watumwa 1.000 mu migodi. Hakuwasimamia yeye mwenyewe. Aliwapangisha kwa mutu mumoja, na yule alimulipa oboli 1 kwa kila kichwa kwa siku. Na kulikuwa sharti: hesabu ya vichwa isipunguke. Mutu akikufa, mwenye kupangisha alete mwingine. Ile oboli haikukatika.

Kwa hiyo oboli moja kwa siku ilikuwa bei ya mutu. Ilikuwa ile makuta ambayo mutumwa alimuletea bwana wake. Zénon alipoiomba kwa Cléanthe, mutu huru, ilikuwa sawa na muchezo wenye fundisho ndani. Ku macho ya watu Cléanthe alionekana kama mutumwa. Siku moja alitoa mbele ya rafiki zake ile makuta ndogo ndogo aliyokusanya, mukono muzima, akasema: Cléanthe anaweza kulisha Cléanthe wa pili kama anataka, lakini wengine wenye mali yao bado wanatafuta kula kwa wengine. Nani pale alikuwa huru? Yeye mwenye kuleta oboli, ao wale wenye kungojea ya watu?

PUNDA NA SHABA

Tulisema akili yake haikukimbia mbio. Wenzake ku masomo waliielewa haraka kuliko yeye, na walimuchekelea. Walimuita punda. Yeye akakubali. Alisema ndiyo, ni mimi peke yangu mwenye nguvu ya kubeba muzigo wa Zénon.

Plutarque anatupatia neno lingine. Anasema Cléanthe alijifananisha na chupa yenye shingo nyembamba, na tena na vibao vya shaba nyeusi. Chupa ya namna ile inajaa polepole, lakini haimwangiki ovyo. Na ile shaba nyeusi ni shaba yetu iliyochanganywa na bati, kama lile la Manono: kuiandika ni taabu, inaomba patasi na nyundo, lakini neno likiingia pale halitoki tena. Kwa mutoto anayerudi ku nyumba na points mbaya, hili neno linafaa kuliko fimbo. Kuelewa polepole si kukosa akili. Kuna vichwa vya nta na vichwa vya shaba.

Zénon alipokufa, karibu na mwaka 262 mbele ya Yesu, walikuwako wanafunzi wenye akili ya mbio na wenye jina. Lakini baraza alipewa punda. Aliiongoza karibu miaka 30.

ALIFUNDISHA NINI?

Wastoiko walisema hivi: kitu kimoja tu kinastahili kuitwa chema, ni roho nzuri ya mutu, ni kusema hekima, haki, uhodari na kiasi. Makuta, afya, cheo, sifa, hivi vyote ni vizuri kuwa navyo, lakini havimufanye mutu kuwa mwema, na kuvikosa hakumufanye kuwa mubaya. Zénon alisema tuishi kwa kupatana. Cléanthe akaongeza: kwa kupatana na namna dunia iliumbwa. Alipoulizwa mutu anakuwaje tajiri, jibu lake lilikuwa apunguze tamaa zake.

Alipenda kufundisha na picha. Aliambia wanafunzi wafunge macho, waone Raha amekaa ku kiti cha ufalme, amevaa nguo nzuri kabisa. Pembeni yake wanasimama Haki, Hekima, Uhodari na Kiasi, lakini wamekuwa wajakazi. Kazi yao yote ni kumunongoneza yule malkia mu sikio: angalia usifanye kitu kitakacholeta maumivu. Cléanthe alitaka mwanafunzi asikie aibu mbele ya ile picha. Mutu anayefanya haki juu tu asishikwe, huyo amegeuza Haki kuwa muboyi wa Raha.

Tena alikumbusha fundisho la Socrate: mutu wa haki na mutu wa heri ni mumoja, na Socrate alimulaani mutu wa kwanza aliyetenga faida na haki. Tuliweke neno hili mahali pake. Kila siku mu dunia ya madini tunasikia faida kwa upande huu, haki kwa upande ule, kama vitu viwili visivyojuana. Mwenye kupima mawe na mizani ya uongo anapata faida. Muchimbaji anayechanganya udongo mu gunia kusudi uzito upande, naye anapata faida. Cléanthe anawaambia wote wawili neno moja: ile si faida.

Kitu cha tatu: aliandika kitabu kizima kuonyesha kama wema wa mwanaume na wema wa mwanamuke ni kitu kimoja. Ule muji haukuwapa wanawake hata sauti mu mukutano wa watu wote. Kitabu kimepotea, jina lake limebaki. Lakini tukumbuke mama muuza unga. Mbele ya wazuzi wa Athene, heshima ya Cléanthe ilisimama juu ya neno la mama wa soko. Labda ile siku ilimufundisha kitu.

Na kuhusu nguvu, mupiganaji wa zamani alikuwa na maneno yake. Alisema roho iko na mukazo, kama musipa wa mwili, na ule mukazo ni sawa na pigo la moto. Ukiwa wa kutosha, unaitwa nguvu. Ile nguvu moja inachukua majina mbalimbali: mbele ya jambo la kuvumilia inaitwa uhodari, mbele ya kugawanya inaitwa haki, mbele ya kuchagua inaitwa kiasi. Kwa hiyo mutu mwenye kuinua jiwe la kilo 80 na kushindwa kukataa chupa ya tatu, mwili wake una nguvu, roho yake imelegea.

WIMBO WAKE, NA MUTUME PAULO

Vitabu vyake karibu vyote vilipotea. Kilichobaki kizima ni wimbo mumoja wa mistari karibu 40, kwa Zeu, jina ambalo Wagiriki walimupa mungu mukubwa. Anasema mule kama dunia yote inaongozwa na sheria moja, kama watu wametoka kwake, na kama mabaya yanatoka mu ujinga wa watu wenyewe.

Wasomaji wa Biblia, mufungue Matendo ya Mitume, sura ya 17. Paulo anafika Athene, anakutana na Waepikureo na Wastoiko. Anapoongea mbele ya Aréopage, lile baraza lililomuita Cléanthe, anataja washairi wao waliosema sisi ni wazao wa Mungu. Yale maneno yanapatikana kwa Aratos, mushairi wa nyakati za Cléanthe, na wazo hilo hilo limo mu wimbo wa Cléanthe. Muteka-maji aliyefika na drachma 4 hakujua kama neno la baraza yao litatajwa mu kitabu ambacho leo kinasomwa ku kanisa za Likasi na Kolwezi.

Aliandika pia sala fupi, ya kumuomba Mungu na majaliwa wamuongoze fasi waliyomupangia, juu asiyetaka kufuata atafuata tu kwa kukokotwa. Miaka zaidi ya 300 nyuma, Épictète, aliyezaliwa mutumwa na kuwa mwalimu, aliipenda ile sala. Iko ku mwisho wa kitabu kidogo cha mafundisho yake.

TUSIMUFANYE MALAIKA

Cléanthe alikuwa na makosa yake. Aristarque wa Samos alifundisha kama dunia inazunguka jua. Leo kila mutoto wa primaire anajua ni kweli. Cléanthe aliona Wagiriki walipaswa kumushitaki Aristarque kwa kosa la kuzarau mungu. Yeye aliyeshitakiwa bure alitaka mwingine ashitakiwe juu ya wazo lake.

Kuna na jambo kubwa zaidi. Wastoiko walifundisha kama mutumwa anaweza kuwa huru ndani ya roho, na bwana wake kuwa mutumwa wa tamaa. Ni kweli, na ni neno lenye kutia nguvu. Lakini mule mu Laurion, mutu aliyetambaa na taa yake ya mafuta alihitaji pia kutoka inje. Leo kuna wenye kupenda sana kuhubiri uvumilivu kwa wachimbaji: vumilia, makuta si kitu, furaha iko mu roho. Wakati mwingine anayesema hivyo njo anayekaa na makuta.

Tuangalie basi Cléanthe mwenyewe alivyoishi. Hakuvumilia kwa kukaa mikono mitupu. Alifanya kazi kusudi asiwe na bwana. Alipoitwa na wazuzi alienda na mashahidi, akajitetea. Alisema faida bila haki imelaaniwa. Uvumilivu wake ulikuwa wa kubeba muzigo aliouchagua. Haukuwa wa kubebeshwa uongo wa wengine. Mwenye kutumia jina lake kunyamazisha watu wa kazi hajasoma habari yake mupaka mwisho.

MWISHO WA MUZEE

Alizeeka sana. Wengine walimuambia kwa kumuzarau kama ni muzee. Akajibu kama yuko tayari kuondoka, lakini akiangalia anajiona muzima kila upande, anaandika, anasoma, basi anangoja kidogo. Alikuwa na tabia ya kujikaripia peke yake. Siku moja Ariston alimusikia, akamuuliza anamukaripia nani. Cléanthe akacheka: muzee mumoja mwenye mvi na asiye na akili.

Karibu na mwaka 230 mbele ya Yesu, mafizi yake yalivimba. Waganga walimuomba aache kula siku 2. Akapona. Lakini alisema tayari ametembea sehemu kubwa ya njia, hakurudilia kula tena, akakufa. Wastoiko waliruhusu mutu kuchagua saa yake. Imani ya wengi kati yetu inatufundisha kama ile saa ni ya Mungu, na hapo tunaachana naye.

Baraza ilienda kwa Chrysippe wa Soles, mutu wa akili kali, mukimbiaji wa mbio ndefu mbele ya kuwa mwanafalsafa. Alikuwa na desturi ya kumuambia Cléanthe ampe mafundisho tu, alama za kuyahakikisha atazitafuta mwenyewe. Mupiganaji wa ngumi alimuachia mukimbiaji.

Ku Assos, muji wa jiwe, baraza la wakubwa wa Roma liliweka sanamu ya Cléanthe. Simplicius, mwanafalsafa aliyeishi karne ya 6 nyuma ya Yesu, aliandika kama aliiona na macho yake. Miaka zaidi ya 700 ilikuwa imepita tangu yule muzee akufe. Wale watajiri waliocheza mupira wakati yeye anachimba, majina yao hakuna anayeyajua.